Acheni Kumcheka Mangungo

Kila mkataba mbovu unapozuka nchini, jina la mzee mmoja wa Kilosa hufukuliwa. Ukiwa wa dhahabu, tunaambiwa ni wa Mangungo. Ukiwa wa umeme, ni wa Mangungo. Mwaka 2023, mjadala wa bandari ulipopamba moto, alitajwa tena majukwaani na mitandaoni, na wengi waliomtaja hawajawahi kukanyaga Msowero wala kusoma mstari mmoja wa karatasi iliyobeba alama yake. Jina la mtu limegeuzwa tusi. Mtawala wa Msowero amebaki katika kumbukumbu za taifa kama mfano wa ujinga, na aliyemjia na karatasi, bunduki na mkalimani wa kukodi ametajwa kwa sauti ya chini, kana kwamba yeye alikuwa mvua tu, haiulizwi kwa nini ilinyesha.

Nalikataa tusi hilo, wala sikatai kwa sababu ya mapenzi ya nyumbani peke yake. Nalikataa kwa sababu linatufundisha kumcheka aliyebanwa na kumsahau aliyembana, na mazoea hayo hayakuishia mwaka 1884.

Msowero ipo. Ukitoka Dumila kuelekea Kilosa mjini utaipita, na pande zile utaona mabaki ya mashamba ya mkonge yaliyowahi kuajiri watu kutoka kila pembe ya nchi. Ukija kutoka kusini, unaiacha barabara kuu ya Iringa pale Mikumi, unapitia Ulaya, unaingia Kilosa, ndipo unaendelea kaskazini. Nchi hiyo yote, bonde na milima yake, ndiyo iliyokuwa ikitafutwa na Carl Peters alipovuka kutoka Unguja Novemba 1884. Alikuwa na umri wa miaka 28. Alifuatana na Karl Jühlke, Joachim von Pfeil na mfanyabiashara August Otto, na walisafiri kwa majina ya uongo ili wasijulikane. Walipofika Unguja walielezwa na ubalozi wao wenyewe kwamba serikali ya Ujerumani haikuwaahidi ulinzi wowote. Kwa maneno mengine, siku walipoingia Usagara hawakuwa wajumbe wa dola yoyote.

Tarehe 29 Novemba 1884 Peters alipata alama ya Mangungo. Karatasi ile inazungumzia urafiki wa milele. Kisha, bila kupumua, inasema kwamba Mangungo anatoa nchi yote ya Msowero, aliyoirithi na aliyoipata kwa njia nyingine, pamoja na haki zake zote, kwa chama cha Peters cha ukoloni wa Kijerumani, milele. Inaongeza kwamba mambo yote alielezwa waziwazi na mkalimani aitwaye Ramazani. Inaongeza pia kwamba alipoulizwa, Mangungo alisema hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar.

Kipengele hicho cha Sultani kinafichua mengi. Mzee wa Msowero hakuwa na haja ya kuandika uhusiano wake na Unguja. Watu wake waliujua, majirani zake waliujua, na misafara iliyopita ilijua impe nani hongo. Aliyehitaji maneno hayo ni msomaji wa Berlin na wa London, ambaye angeuliza nchi hii ni ya nani. Karatasi haikuandikwa ili Mangungo aielewe. Iliandikwa ili wengine waiamini. Tena ndani yake imo heshima kwa haki za Mwinyi Sagara kama mkubwa wa Mangungo, na huyo naye akafuatwa siku chache baadaye, akatia alama ya kwake. Ikiwa Mangungo alikuwa na mkubwa juu yake, aliwezaje kuigawa nchi milele? Mwandishi wa karatasi aliliona tatizo hilo na akaendelea kuandika.

Peters mwenyewe, katika maelezo aliyoyachapisha baadaye, hakuficha namna kazi ilivyofanyika: zawadi, kinywaji, maneno matamu, bendera kupandishwa, kisha bunduki kufyatuliwa ili wenyeji waone kitakachowapata wakivunja makubaliano. Soma tena hapo mwisho. Huo ulikuwa urafiki wa milele uliofungwa kwa risasi za mfano. Na Usagara ya miaka ile haikuwa nchi tulivu yenye watu waliokaa wakisubiri wageni. Ilipitiwa na misafara ya pembe na watumwa, na uvamizi wa Wahehe na Wambunga ulikuwa tishio la kila msimu. Mtawala mdogo katika mazingira hayo akitembelewa na watu wenye bunduki nzuri wanaosema wanataka urafiki, anafikiria kesho ya watu wake. Huo si ujinga.

Kilichofuata kilithibitisha kwamba bunduki, wala si wino, ndiyo iliyokuwa mkataba. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaiser Wilhelm I alitoa barua ya ulinzi juu ya nchi zilizotajwa kwenye karatasi za Peters: Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipinga, akasema nchi hizo ni zake na waliotia alama hawakuwa na mamlaka ya kuzitoa. Jibu lilifika tarehe 7 Agosti 1885 kwa njia ya manowari za Kijerumani zilizotia nanga mbele ya kasri lake. Wiki moja baadaye Barghash alikubali. Alikuwa msomi, mjenzi wa Beit al-Ajaib, mwenye washauri, jeshi na rafiki Mwingereza aliyemgeuzia kisogo. Naye alitia saini. Mbona hatusemi mkataba wa Barghash?

Kuna mfalme mwingine ambaye habari zake zinaonyesha jambo hili kwa ukatili zaidi, kwa sababu yeye alikuwa mateka kweli. Naye alikutana na Peters huyuhuyu.

Mwanga wa Pili alirithi kiti cha Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, mwaka 1884, mwaka uleule wa karatasi za Usagara, akiwa kijana asiyefikisha miaka ishirini. Septemba 1888 mapinduzi yalimwangusha. Waislamu na Wakristo wa ikulu, vijana wenye bunduki aliowakuza yeye na baba yake, waligundua kwamba alipanga kuwatelekeza kisiwani ziwani wafe. Wakaungana, wakamweka ndugu yake Kiwewa. Haikupita hata miezi miwili kabla Waislamu hawajawafukuza Wakristo, Kiwewa naye akaondolewa, na Kalema akakaa kwenye kiti. Kalema aliwaua wana na mabinti wa ukoo wa kifalme ili asibaki wa kushindana naye. Damu ya kifalme, iliyokuwa ngao, ikawa hati ya kifo.

Mwanga alivuka ziwa kwa mitumbwi na watu wachache akatua Magu, upande wa Usukuma, nchi ambayo leo ni Tanzania. Huko waliishi wafanyabiashara wa Kiarabu waliojuana na ikulu yake kwa miaka mingi. Walimpokea, kisha wakamshika. Bunduki na mali aliyokimbia nayo vilikwenda, na mgeni akawa hana ruhusa ya kuondoka. Fikiria hesabu ya waliomshika. Kabaka aliyepinduliwa ni bidhaa yenye thamani inayopanda na kushuka kila habari inapovuka ziwa. Akirudi madarakani, atakuwa na deni kwao. Asiporudi, wapo Mengo, makao ya kifalme ya Buganda, watakaolipa ili asirudi kamwe. Kwa vyovyote vile, kadiri anavyozidi kuwa mnyonge ndivyo bei ya uhuru wake inavyopanda.

Alipofanikiwa kutoka Magu, alikimbilia Bukumbi, kwa mapadre wa Kikatoliki. Hawa walikuwa wametimuliwa Buganda na mapinduzi yaleyale, na waumini wao walikuwamo miongoni mwa waliochomwa Namugongo kwa amri yake, tarehe 3 Juni 1886. Mwanga hakuwa malaika, nami simpambi. Askofu Hannington aliuawa Busoga mwaka 1885 kwa amri ya Mwanga huyuhuyu. Lakini ukweli huo ndio unaonifanya niikazie macho picha ya Bukumbi: mfalme aliyewachoma watu anakaa chini ya paa la wenzao, amevuliwa kila kitu, akiahidi lolote analoombwa. Je, ahadi zake za pale zilikuwa toba au bei ya hifadhi? Nani angeweza kujua, yeye mwenyewe akiwamo?

Wakristo wa Buganda waliokimbilia Ankole walimhitaji kama bendera, naye alihitaji bunduki zao. Charles Stokes, mmisionari wa zamani aliyegeuka mfanyabiashara wa pembe na silaha, akampa chombo cha kuvukia. Oktoba 1889 alirudi Mengo, akafukuzwa tena, na Februari 1890 akakaa. Akakuta kiti kina wenyewe. Vyeo vya nchi viligawanywa baina ya Wakatoliki na Waprotestanti, na Kabaka alikaa katikati kama mpangaji katika nyumba ya baba yake.

Ndipo Peters akatokea. Mwishoni mwa mwezi uleule alifika Mengo na msafara wake, akiwa amepita Kenya kwa kumwaga damu njia nzima, na akapata saini ya Mwanga kwenye mkataba mwingine wa urafiki. Miaka zaidi ya mitano ilikuwa imepita tangu Msowero. Mbinu haikubadilika: tafuta mtawala ambaye wiki hii hana pa kuegemea, mwandikie urafiki, ondoka na karatasi. Safari hii karatasi haikumfaa. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza zilikubaliana, Heligoland kwenda Ujerumani na Buganda kubaki upande wa Waingereza. Hakuna aliyemuuliza Mwanga. Desemba mwaka uleule Frederick Lugard akaja, akapanda kilima cha Kampala bila kusubiri ruhusa, akiwa na bunduki ya Maxim, na tarehe 26 Desemba akaichukua saini ya Mwanga iliyotolewa kwa shingo upande.

Baadaye Mwanga aliasi, Julai 1897, akashindwa, akakimbilia upande wa Wajerumani. Nao wakamzuia Mwanza. Alitoroka, akaungana na Kabalega wa Bunyoro, na wote wawili wakakamatwa Aprili 1899 wakapelekwa Shelisheli. Huko alifia mwaka 1903. Mtu mmoja alizuiliwa Magu, Mwanza na Shelisheli, na katikati ya vizuizi hivyo historia inamwonyesha akitia saini mikataba kana kwamba alikuwa mtu huru aliyekaa mezani na wenzake.

Najua nitaambiwa kwamba nawatetea watawala ambao nao walibana watu. Ni kweli walibana. Bushiri bin Salim, shujaa wa vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, mwaka 1888 aliwakamata wasafiri Hans Meyer na Oscar Baumann, akawatia minyororo, na hakuwaachia mpaka fedha za kuwakomboa zilipolipwa kwa maelfu ya rupia. Meyer ndiye aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka uliofuata. Tunamheshimu Bushiri kwa kupigana, na alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889 akiwa ametanguliza roho yake mbele ya wengi. Lakini mateka ni mateka hata akiwa Mjerumani, na fedha zilizolipwa kwa shingo iliyo kwenye mnyororo si biashara. Kanuni ninayoitafuta haina upande. Asiyeweza kuondoka chumbani hajakubali kitu.

Sheria zetu zinaijua kanuni hiyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema ridhaa iliyopatikana kwa shuruti, kwa ushawishi usiofaa, kwa udanganyifu au kwa upotoshaji si ridhaa ya hiari, na aliyebanwa anaweza kuukana mkataba. Mkataba wa Vienna wa 1969 juu ya mikataba ya mataifa unasema hivyo katika vifungu vya 51 na 52: saini iliyopatikana kwa kumtisha mjumbe haina nguvu, na mkataba uliopatikana kwa kuitishia nchi silaha ni batili. Kwa kipimo hicho karatasi ya Msowero isingesimama hata asubuhi moja mahakamani, na makubaliano ya Barghash mbele ya manowari yangetupwa nje pamoja nayo. Dunia ilikuja kuandika hivyo baada ya kuchelewa sana kwetu, lakini iliandika.

Basi turudi kwenye mazoea yetu. Septemba 2019, Rais John Magufuli aliwapa watuhumiwa wa uhujumu uchumi waliokuwa mahabusu siku saba kukiri, kuomba msamaha na kurudisha fedha ili watoke. Muda uliongezwa, na ikatangazwa kwamba watuhumiwa 467 walikuwa tayari kurudisha zaidi ya shilingi bilioni 100. Wengi tulishangilia. Sisemi hata mmoja wao alikuwa msafi; sina ushahidi huo, na waliokula mali ya umma walistahili kuirudisha. Ninachosema ni kwamba shtaka la utakatishaji fedha halina dhamana. Mtu alikaa ndani miaka akisubiri upelelezi ukamilike, biashara imekufa, watoto wameacha shule. Akija mtu na kumwambia lipa utoke, mwenye hatia atalipa na asiye na hatia atalipa. Malipo hayo hayatusaidii kumtambua mwizi. Ndiyo maana kelele zilipanda baadaye kuhusu makubaliano ya kukiri makosa, na mwaka 2023 tume ya kuangalia haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ikasikia malalamiko ya wananchi juu ya kukamatwa, kuwekwa ndani na upelelezi usiokwisha.

Kuna mtu aliyenijibu, tulipolizungumza jambo hili, kwamba mtu mwenye mali akibanwa si msiba wa taifa. Nimelifikiria sana jibu lake. Mwanga alikuwa na mali, Barghash alikuwa na mali, na hata Mangungo, kwa kipimo cha Msowero, alikuwa mkubwa. Kilichowapata kiliwafikia wadogo kwanza na kiliwafikia tena baadaye. Baada ya karatasi za 1884 nchi ya Usagara ilikatwa mashamba, watu wakaja kutozwa kodi ya nyumba iliyolipwa kwa kibarua cha lazima, na bonde la Kilosa likawa mkonge na pamba za watu wengine. Mkubwa akibanwa, anayelipa hatimaye ni aliye chini yake. Na dola ikishazoea kumbana tajiri aliye mahabusu, haitaona haya kumbana mfugaji ambaye ng'ombe wake wamezuiwa karibu na hifadhi ya Mikumi na kila siku wanayolala zizini wanapungua kilo.

Ardhi ndiyo inayonifanya nisilale juu ya jambo hili. Kilosa imezika watu kwa ajili ya ardhi. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa katika mapigano na wafugaji. Mashamba makubwa ya mkonge yamefutiwa hati, yamegawiwa, yamegombewa, na wawekezaji wapya wanakuja kila mwaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji kinga nzuri: halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Lakini tujiulize mkutano huo unakuwaje. Gari la wilaya limefika, mgeni amekaa meza kuu, muhtasari umeshachapwa, orodha ya mahudhurio inazungushwa kabla hoja haijasomwa, na anayetaka kuuliza anaambiwa anachelewesha maendeleo. Saini mia mbili zinapatikana kabla ya saa nane mchana. Ugomvi ukizuka miaka mitano baadaye, wanakijiji wataonyeshwa saini zao, na yupo atakayewaita akina Mangungo.

Ninachokidai si kikubwa. Mkataba wowote wa ardhi ya kijiji usomwe kwa Kiswahili, wote, mbele ya watu, na nakala ibaki mikononi mwao wiki kadhaa kabla ya siku ya kupiga kura. Mtafsiri au mwanasheria wa kijiji alipwe na asiyekuwa upande wa mwekezaji. Mtu yeyote aliye chini ya ulinzi asiruhusiwe kusaini makubaliano ya fedha na serikali mpaka hakimu amemsikiliza bila waliomkamata kuwapo, na bila ya kesi yake kuwa imekaa miaka pasipo kusikilizwa. Na darasani, mwalimu wa historia atakapofika kwenye mwaka 1884, aiweke karatasi ya Msowero ubaoni yote, pamoja na jina la Ramazani na majina ya mashahidi wa Peters, awaachie wanafunzi waulize nani aliandika, nani alitafsiri, nani alikuwa na bunduki, na ni kipi kati ya yale yaliyoandikwa ambacho Mangungo alikuwa na njia ya kukijua.